Mlango Umefungwa, Moyo Je?

Majuzi, saa nane usiku, mama nisiyemjua alibisha kwangu akilia, "Mtoto ana degedege!" Nikashika komeo, nikasita. Waebrania 13:2 inatuhimiza kukaribisha wageni, lakini wanangu walikuwa wamelala ndani. Nikaongea naye dirishani, nikawapigia simu majirani wawili na mzee wa Nyumba Kumi. Walipofika, nikafungua. Kweli mtoto alikuwa mgonjwa. Tukampeleka hospitali pamoja.

Zile dakika kumi alizongoja nje zimenisumbua. Je, nilikosa? Lakini katika Mwanzo 19 Lutu aliwakaribisha wageni, na usiku uleule malaika wenyewe wakafunga mlango. Kufunga si kukosa imani. Dhambi ni kusikia kilio, halafu ujifunike blanketi. Ndugu yangu, nambari ya jirani yako unayo?