Bismuthi ni Pambo, Isiwe Hirizi



Ndugu zangu na dada zangu katika imani, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona muhula huu kwenye meza za hosteli. Ni kile kipande cha metali chenye ngazi ngazi na pembe za mraba, kinachong'aa zambarau, dhahabu, kijani na buluu kwa pamoja. Wengi wanakiita jiwe, lakini ni fuwele ya bismuthi, na karibu zote zinazouzwa zikiwa na rangi hizo zimekuzwa na watu, maabara au hata jikoni. Kukiweka mezani hakuna neno. Ninachokiogopa ni maneno yanayouzwa pamoja nacho: kwamba kinavuta bahati, kinazuia husuda, kinamtuliza mtahiniwa. Dada mmoja aliniuliza baada ya darsa kama inafaa alale nacho chini ya mto mpaka mitihani iishe. Nimeandika haya kumjibu yeye, na wengine ambao wanalala nacho bila kuuliza.

Watu wa usuli wanatufundisha kwamba kukihukumu kitu kunatokana na kukijua. Basi tukijue. Bismuthi ni elementi ya 83. Huyeyuka kwenye nyuzi 271 tu za Selsiasi, kwa hiyo jiko la kawaida linatosha. Ndugu yetu mmoja wa kozi ya kemia alinionyesha. Aliyeyusha metali ndani ya sufuria, akaondoa utando wa juu kwa kijiko, akapunguza moto, akangoja. Uso ulipoanza kuganda, alimimina ile iliyokuwa bado majimaji kwenye chombo kingine. Zilizobaki zimeshika chini na pembeni mwa sufuria ndizo fuwele. Kingo zake hukua upesi kuliko sehemu za katikati, ndiyo maana katikati hubaki shimo na kila ngazi huwa ndani ya ngazi nyingine. Hakuna aliyezichonga.

Na rangi? Hakuna rangi iliyopakwa. Bismuthi yenyewe ni nyeupe kama fedha yenye wekundu kidogo. Inapotoka kwenye umajimaji ikiwa moto, oksijeni ya hewani huifunika kwa utando mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na unene wa utando ndio unaoamua jicho lako lione buluu au dhahabu. Jambo hilohilo mnaliona kila mvua ikinyesha, petroli ikimwagika juu ya dimbwi pale steji ya boda. Hakuna anayelala na dimbwi lile chini ya mto.

Wapo wanaosema vitu hivi vimeumbwa na maabara. Hapo nawaomba msome Suratul Waaqia, aya ya 63 na 64, Mwenyezi Mungu anapowauliza watu kuhusu wanachokipanda: ni nani hasa anayekiotesha? Ndugu yetu wa kemia alifanya kazi ya mkulima. Alileta sufuria, moto na subira. Nilimwomba anitengenezee moja yenye ngazi saba zinazoelekea kushoto, akacheka. Alimimina mara mbili kutoka sufuria ileile, yakatoka maumbo mawili yasiyofanana. Hata metali yenyewe aliikuta. Nayo haiko mbali nasi: mwaka 1963 ilitangazwa madini mpya yenye bismuthi kutoka kilima cha Wampewo, Busiro, hapa Buganda, ikaitwa wailandaiti kwa jina la Wayland, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda. Bismuthi ilikuwa kwenye udongo wetu kabla ya chuo chetu, na kabla ya Buganda yenyewe.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliihesabu kuwa elementi nzito kuliko zote zisizooza kwa mnururisho. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba nayo inaoza, ila polepole kupita kiasi: nusu yake itakwisha kwa muda unaozidi umri wa ulimwengu mara bilioni moja. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mwisho wa Suratul Qasas, tunapoambiwa kwamba kila kitu kitaangamia isipokuwa Yeye. Kitu kinachoelekea kuisha chenyewe kitamlinda nani?

Sasa tuje kwenye mto wa dada yetu. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alilibusu Jiwe Jeusi, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, huku akisema waziwazi kwamba anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba asingelibusu lau asingemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu. Hilo ni Jiwe la Al-Kaaba. Itakuwaje kwa kitu kilichotoka kwenye sufuria juzi? Ipo pia hadithi ya Imran bin Husayn kuhusu mtu aliyevaa pete ya shaba nyeupe mkononi kwa ajili ya maradhi, Mtume akamwamuru aivue kwa kuwa haitamzidishia ila udhaifu. Baadhi ya wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, nami sitaificha habari hiyo. Lakini hadithi ya Uqba bin Amir katika Musnad ya Imam Ahmad, inayomhukumu mwenye kutundika hirizi kuwa ameingia katika ushirikina, inatosha, na aliyeisoma ataona kwamba haikubagua hirizi ya ngozi na hirizi ya metali inayometameta.

Mtu atasema: mbona bismuthi inatibu? Ni kweli, na ndipo ninapopenda tusimame kidogo. Wengi wetu hapa tuna vidonda vya tumbo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori, na Marshall na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuwagundua. Moja ya tiba zake huchanganya chumvi za bismuthi na antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu. Kwa hiyo metali ileile ukiimeza kama dawa aliyokuandikia daktari umeshika sababu iliyojaribiwa na kuonekana, huku moyo ukijua mponyaji ni Allah. Ukiilaza chini ya mto ili ikuletee alama, umeipa kazi ambayo Allah hakuipa wala maabara haikuiona. Tofauti iko moyoni, na ndiyo sababu rafiki yako wa chumbani hawezi kukusaidia kuiona.

Dada yangu, itoe chini ya mto, uiweke mezani. Suratul Aaraf aya ya 32 inawakemea wanaoharamisha pambo ambalo Allah amewatolea waja wake, nami sitaki kuwa miongoni mwao. Ukiitazama na ukasema subhanallah, umeitumia vizuri kuliko aliyekuuzia. Kabla ya kulala soma Ayatul Kursiy, na kabla ya hapo soma daftari lako.

Kwa ndugu wanaoziuza: mwambieni mnunuzi kwamba imekuzwa na mtu, msimwache adhani imechimbwa hivyo milimani. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta ubichi chini yake, na mnajua alichomwambia mwenye rundo. Msiandike kwamba inaleta bahati, hata kama nyinyi wenyewe hamuamini. Pesa ya uongo ule haina tofauti na ya uongo mwingine. Mwaliniuliza pia kuhusu zaka. Fuwele ya kupamba chumba haina zaka. Ya biashara huhesabiwa kama bidhaa nyingine kwa kauli ya wanazuoni walio wengi: mwaka ukipita na thamani ikifika nisabu, toeni asilimia 2.5 ya bei ya siku hiyo, si ya siku mliyonunua. Wallahu aalam.