Kushiriki na Kushirikishwa

Mtu hushiriki. Akitiwa katika jambo na mwingine, hushirikishwa. Zimeongezeka herufi nne tu, lakini mwenye jambo amebadilika. Ndiyo maana kila nikisikia kwamba vijana "washirikishwe" katika elimu ya afya, hujiuliza: anayewashirikisha ni nani, na jambo lenyewe ni la nani?

Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ujumbe ulikuwa sahihi: chanjo hii inakinga saratani. Lakini binti alikuwa na swali lake: nikichomwa sindano hii, nitazaa kweli? Bango lilimjibu ambalo hakuuliza. Uvumi ulimjibu aliloliuliza. Ulimjibu uongo, naye akausikiliza, maana ndio pekee uliogusa hofu yake.

Asiye na swali hukariri jibu, na jibu la kukariri halimalizi siku mbele ya sauti moja iliyorushwa WhatsApp. Kwa hiyo elimu inayotungwa bila mwenye swali ina pengo tangu msingi, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lililochapishwa na UNICEF, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini alikataa kuviita ushiriki. Cha pili ni kuwafanya watoto pambo. Hicho nimekiona kwa macho yangu: binti ndani ya fulana ya kampeni iliyomfika magotini, kasimama kando ya mabango yaliyokwisha kuchapwa, anaombwa maoni. Akasema, "Ni mazuri." Angesema nini kingine?

Wapo watakaosema vijana hawajui tiba. Ni kweli, na dozi haipigiwi kura. Usalama wa chanjo huamuliwa kwa ushahidi. Lakini kujua ni hofu gani inayozunguka darasani, inanong'onwa kwa maneno gani, na nani akisema anaaminika, huo nao ni ujuzi. Daktari hana. Binti yule anao.

Nakuomba basi, wewe unayeandaa kampeni: usimngoje kijana hadi siku ya uzinduzi. Mwite karatasi ingali nyeupe, umpe kalamu, swali la kwanza aliandike yeye.