Tiketi ya Tamasha la Chuoni na Swali la Bei ya Haki

Swali la bei ya haki, yaani bei ambayo muuzaji anaweza kuidai bila kumdhulumu mnunuzi, limejadiliwa kwa karne nyingi kwa mifano ya nafaka na farasi, lakini hudhihirika kwa namna ya pekee katika jambo linaloonekana dogo, nalo ni uuzaji wa tiketi za tamasha la muziki ambalo wanafunzi wa chuo huwaandalia wenzao. Katika vyuo vikuu vya Uingereza vya miaka ya 1960 na 1970, shughuli hiyo ilikuwa mikononi mwa vyama vya wanafunzi, ambamo mwanafunzi aliyekabidhiwa burudani alialika bendi, akapanga kiingilio na kusimamia matangazo. Ni katika mfumo huo ambapo bendi ya The Who ilipiga muziki katika bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, na onyesho hilo likawa albamu ya Live at Leeds. Anayeuza tiketi katika mazingira hayo ameshika amana ya wanunuzi wenyewe, na kwa hiyo wajibu wake ni mzito kuliko wa mfanyabiashara wa kawaida.

Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 13, alifundisha katika Summa Theologiae kwamba muuzaji anaweza kuongeza bei ikiwa kuachana na kitu chake kunamletea hasara, lakini hana ruhusa ya kuiongeza kwa sababu tu mnunuzi atanufaika nacho sana, kwa kuwa manufaa hayo yanatokana na hali ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Hoja hii inamgusa moja kwa moja mlanguzi, yaani yule anayenunua tiketi nyingi kwa bei ya mapema ili aziuze kwa bei maradufu zitakapokwisha. Hamu ya mwanafunzi ya kumsikia msanii anayempenda ni mali ya mwanafunzi huyo, na mlanguzi anayemtoza kwa ajili ya hamu hiyo anamuuzia kitu ambacho tayari ni chake.

Wapo wanauchumi wanaojibu kwamba ulanguzi huifikisha tiketi kwa mtu anayeithamini zaidi, kwa kuwa yuko tayari kuilipia zaidi. Michael Sandel, mwanafalsafa wa Marekani, ameipinga hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2012, What Money Can't Buy, akieleza kwamba utayari wa kulipa hupima pia uwezo wa kulipa, na kwamba katika viwanja vya besiboli wenye viti vya gharama kubwa mara nyingi ndio wanaochelewa kufika na kuwahi kuondoka. Chuoni ukweli huu ni mchungu zaidi, maana mwanafunzi wa Tanzania anayesubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu itokanayo na mkopo wa elimu ya juu, hawezi kushindana na mwenzake anayetumiwa fedha na wazazi, hata kama mapenzi yake kwa muziki ni makubwa kuliko ya huyo mwenzake.

Suala la matangazo ni gumu zaidi. Cicero, mwanafalsafa wa Roma ya kale, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alisimulia juu ya mfanyabiashara anayefika na nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine zimo njiani, akauliza kama anaweza kunyamaza ili auze ghali. Cicero alihukumu kwamba hapaswi kuficha. Aquinas aliona kwamba haki haimlazimishi kusema, ingawa kusema ni wema zaidi. Hata hivyo, mwandaaji anayetangaza kwamba zimebaki tiketi chache ilhali kabati limejaa amepita mpaka ambao wote wawili waliuheshimu, kwa sababu yeye hakunyamaza, amesema uongo. Sheria ya Kiislamu inalikaribia kosa hili kupitia katazo la najshi, ambalo ni kupandisha bei kwa kujifanya mnunuzi, na mantiki yake inawagusa wanaolipwa ili wajidai mtandaoni kwamba wamekwisha kununua. Sheria hiyo hiyo inakataza biashara ya gharari, yaani yenye utata unaoweza kumdhuru mmoja wa wahusika, na bango lenye picha ya msanii ambaye bado hajakubali kuja ni mfano wake ulio wazi. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika mlango wa kitabu chake Ihya unaohusu adabu za kutafuta riziki, alimtaka muuzaji asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo wala asifiche kasoro yake. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu muziki wenyewe, lakini adabu hiyo haikuwa na mvutano.

Kwa misingi hiyo, mwanafunzi aliyeugua anaweza kumuuzia mwenzake tiketi kwa bei aliyoinunulia pamoja na gharama halisi iliyompata, na chama ambacho msanii wake hakutokea kina deni la kurudisha viingilio, hata kama hakuna aliyekwenda kuvidai.