Kicheko Kinamwangukia Nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji acheke. Lakini ndivyo tufanyavyo, ndugu msomaji, tena bila kificho. Mtu anafika ugenini, ulimi wake haujazoea maneno ya pale, anaomba maji analetewa chumvi, na baraza zima linavunjika mbavu. Je, kicheko hicho ni haki? Swali hili limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na aliyenitia ndani yake ni mwigizaji mmoja wa televisheni ya Uingereza. Wengi wanaijua sura yake, jina lake hawalijui. Aliitwa Andrew Sachs.

Kwanza tumjue mwenyewe. Alizaliwa Berlin tarehe 7 Aprili 1930, na jina lake la kwanza lilikuwa Andreas. Baba yake alikuwa Myahudi, mama yake hakuwa. Katika Ujerumani ya Hitler hilo peke yake lilitosha kuivunja nyumba. Mwaka 1938 baba alikamatwa mgahawani, mtoto akiona kwa macho yake. Baadaye aliachiliwa, na mwaka huohuo familia ikakimbilia London. Andreas alikuwa na miaka minane. Huko akakua, akawa Andrew, akaingia kwenye maigizo kwa mlango wa nyuma: kazi za jukwaani, redio, nafasi ndogondogo ambazo mtazamaji hukumbuka vazi akamsahau mvaaji. Waigizaji wa aina hii si nyota. Ni nguzo za nyumba. Hakuna anayezisifu nguzo, lakini ziondoe uone.

Mwaka 1975 BBC ikaanza kuonyesha mchezo wa kuchekesha uitwao Fawlty Towers, ulioandikwa na John Cleese na Connie Booth. Ulikuwa na vipindi 12 tu, 6 mwaka 1975 na 6 mwaka 1979. Mambo yote yanatokea katika hoteli moja ya Torquay, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Mwenye hoteli ni Basil Fawlty, anayechezwa na Cleese mwenyewe: bwana wa majivuno, anamwogopa mkewe, anajikomba kwa wenye vyeo, anawafokea wanyonge. Na mnyonge wa wanyonge ni Manuel, mhudumu wa meza kutoka Barcelona, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Basil anamzaba makofi, anamvuta huku na huku, anamgonga kijiko cha kichwa, halafu anawaomba radhi wageni kwa kuwaambia kuwa huyu katoka Barcelona. Basi, ati hiyo ndiyo sababu. Manuel ndiye Sachs.

Sasa fikiri kidogo. Mtoto aliyefukuzwa kwao, akalelewa katika lugha ya ugenini, amekua mtu mzima, na riziki yake ni kuigiza mgeni anayepigwa kwa sababu hajui lugha. Tena kipigo chenyewe wakati mwingine kilikuwa cha kweli. Katika kipindi kimoja Cleese alimpiga kwa kikaango cha chuma, mwenzake akapata maumivu halisi. Katika kingine kulikuwa na moto jikoni. Koti lake lilitiwa dawa ili lifuke moshi, na dawa ile ikamuunguza mikono. Kipindi hicho cha pili ndicho Basil anapokea wageni wa Kijerumani na kuwatukana kwa habari za vita. Mzaliwa wa Berlin, aliyefukuzwa na haohao walioanzisha vita, alikuwa humohumo studioni, amevaa koti jeupe la Mhispania.

Rafiki yangu mmoja tunayebishana naye hunijibu upesi: "We bwana, mchezo tu huo! Na mwenyewe alikubali." Majibu haya mawili tunayasikia kila siku, na kila moja lina upungufu wake.

Tuanze na "mchezo tu". Kama ungekuwa mchezo tu, isingejali mgeni ni wa nchi gani. Lakini sikiliza kilichotokea Fawlty Towers ilipopelekwa Hispania. Walipoitafsiri kwa Kihispania, Manuel aligeuzwa Mwitaliano, akaitwa Paolo. Huko Catalonia, ambako Barcelona ndipo ilipo, wakamfanya mtu wa Mexico. Kofi ni lilelile, kijiko ni kilekile; kilichohama ni kabila la kichwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Hata Sachs mwenyewe, alipopewa nafasi ile, aliuliza kama mhudumu huyo asingeweza kuwa Mjerumani, kwa kuwa lafudhi ya Kihispania hakuwa na uhakika nayo. Hakuchagua mgeni wa mbali. Alijitolea wa kwao. Naona watu wachache sana, katika mataifa yote, ambao wangeuliza swali hilo. Sisi nasi tunaocheka Kiswahili cha watu wa makabila mengine tungefika kwa fundi huyo na kuomba kucheza lafudhi ya jirani, si ya shangazi yetu.

Na "mwenyewe alikubali" je? Kweli, Sachs alikubali. Alilipwa, alisifiwa, na mwaka 2014 akaandika kitabu cha maisha yake. Lakini alikubali kwa niaba ya nani? Mtu anaweza kukubali kupigwa yeye. Hawezi kumkubalia Mhispania fulani aliyekuwa akibeba sahani Uingereza miaka ileile ya 70, ambaye asubuhi baada ya kipindi mteja mlevi anamwita Manuel na kumwigiza usoni. Huyo hakutia sahihi mkataba wowote. Ruhusa ya mwigizaji inaishia pale taa za studio zinapozimwa; kicheko kinaendelea kutembea mitaani bila yeye.

Basi, je, tuseme mchezo ule ulikuwa uovu? Hapana. Utazame vizuri uone aibu inamwangukia nani. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1979, Basil ameweka dau kwenye farasi kwa siri, ameshinda, na amemwamuru Manuel asimwambie mtu kuwa anajua lolote. Baadaye pesa zinaingia katika utata, na Basil anamhitaji Manuel awe shahidi wake. Manuel, mtiifu kupita kiasi, anajivuta na kutangaza kwa fahari kwamba yeye hajui chochote. Hapo tunacheka nini? Si Kiingereza chake. Tunacheka mwongo aliyenaswa na uaminifu wa yule anayemdharau. Katika hoteli nzima ile Manuel ni karibu mtu pekee ambaye akisema neno, ndilo alilokusudia. Mwenye lugha yote kinywani ndiye mpumbavu.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo. Usiulize tu nani anachekwa. Uliza kicheko kikiisha nani ameachwa uchi. Akiwa ni mwenye nguvu, kicheko kimefanya kazi ya haki. Akiwa ni mnyonge, hata kiwe kitamu vipi, ni fimbo tu iliyopakwa asali.

Kipimo hiki kilijaribiwa kwa Sachs mwenyewe uzeeni. Mwezi Oktoba 2008, watangazaji wawili mashuhuri wa BBC, Russell Brand na Jonathan Ross, walimpigia simu wakiwa kwenye kipindi cha redio. Hawakumpata. Wakaacha ujumbe wa matusi kuhusu mjukuu wake, wakicheka, na ujumbe ukarushwa hewani. Alikuwa na miaka 78. Malalamiko yalipita 40,000, Brand akajiuzulu, Ross akasimamishwa kazi bila mshahara kwa majuma 12, na mwaka 2009 BBC ikatozwa faini ya pauni 150,000. Wale vijana nao walisema walikuwa wakitania. Lakini hapakuwa na hadithi, hapakuwa na Basil wa kuumbuka mwishoni, wala hapakuwa na ruhusa. Kikaango cha chuma kilimuumiza mwili akaendelea na kazi. Huku aliyepigwa alikuwa babu mtu, hayupo hata kujibu, na mjukuu ambaye hakuwamo katika mchezo wowote.

Kuna jambo moja zaidi la mtu huyu ambalo halitajwi sana. Mwaka 1978, katikati ya umaarufu wa Manuel, aliandika mchezo wa redio uitwao The Revenge, ukasikika BBC Radio 3. Ndani yake hamna neno hata moja. Ni pumzi, nyayo, vishindo, na mtu anayekimbia. Msikilizaji anaifuata hadithi yote. Sijui kama alikusudia kutufundisha, lakini mimi nimejifunza: asiye na maneno si kwamba hana la kusema. Tunapomcheka mgeni tunachanganya vitu viwili, upungufu wa lugha na upungufu wa akili, nasi twajua fika kuwa si kitu kimoja.

Sachs alifariki tarehe 23 Novemba 2016, akiwa na miaka 86. Magazeti mengi yalimtaja kwa jina la Manuel kabla ya lake.

Sisemi tuache kucheka, msomaji. Kijiji kisichocheka kina ugonjwa. Nasema mgeni wa meza ya pili akikosea neno, na kicheko kikaja, kiache kwanza kipite machoni pake. Akicheka naye, mna mchezo. Akiinamisha uso, mletee maji aliyoyaomba.