Chupa na Jicho

Mwaka 1996, huko Sylhet, Bangladesh, daktari kijana aitwaye Mohammod Jobayer Chisti alishuhudia watoto watatu wakifa kwa nimonia katika usiku mmoja. Miaka mingi baadaye, akiwa Dhaka, alitengeneza kifaa cha kuwasaidia watoto kupumua kwa kutumia chupa tupu ya shampuu. Mtoto huvuta oksijeni puani, na pumzi aitoayo hupita katika mpira uliozamishwa majini; kani ya maji yale huzuia vifuko vya mapafu visinywee. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: kati ya watoto 79 waliowekewa chupa walikufa 3, kati ya 67 waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 10. Jaribio lilikatishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Lugha yetu imezaa kupumua na kupumzika kwa mzizi mmoja. Mwenye kichomi, kama wazee walivyoyaita maradhi haya, hana vyote viwili: mbavu zake hubonyea kila avutapo hewa, hata akachoka kama mpagazi.

Chupa hiyo imesifiwa sana, nami sina neno nayo. Kinachonitia shaka ni furaha yetu sisi wasomaji. Aghalabu twapenda visa vya werevu wa maskini kwa sababu havitudai kitu.

Tuutazame basi mwaka 2019. Hospitali moja ya wilaya nchini Malawi ilijaribu tiba ya aina hiyo hiyo ya mapovu, katika wadi isiyokuwa na daktari wa kuisimamia kila siku. Walikufa 53 kati ya 323. Kwa oksijeni ya kawaida walikufa 35 kati ya 321. Jaribio hilo nalo likasimamishwa. Wagonjwa hawakufanana kwa yote na wale wa Dhaka, wengine wakiwa na utapiamlo au virusi vya UKIMWI. Lakini Dhaka palikuwa na madaktari na wauguzi wa kumwangalia mtoto saa zote.

Jicho hilo halipatikani jalalani kama chupa. Lina mshahara, lina miaka ya masomo, lina zamu ya usiku. Tukimpa mtoto wa maskini chupa tukamnyima jicho, je, tumemtendea hisani, au tumempunja haki yake kisha tukajipongeza? Mimi naona tumempunja. Na swali hili linawahusu wapangao bajeti kabla ya kumhusu muuguzi, ambaye saa nane za usiku yu peke yake wadini, na mpira umechomoka puani mwa mtoto wa kitanda cha mwisho.