Kiondo, Ndoa ya Wanawake na Kimya cha Msusi

Mhakiki anayekichukua kiondo cha Kangema kuwa matini hukabiliwa na swali la kimaadili: je, ana haki ya kusoma humo mapenzi ambayo msusi hakuyatamka? Kiondo ni kazi ya wanawake. Na katika jamii ya Wagikuyu mwanamke aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe kwa kutoa mahari. Wanaanthropolojia wengi walishikilia kwamba ndoa za aina hiyo, barani Afrika, hazikuwa na ashiki yoyote. Njambi na O'Brien (2000), waliowahoji Wagikuyu wenyewe, walisikia habari za watoto na urithi, lakini pia za usuhuba na upendo. Kukana, basi, nako ni kusoma, tena pasipo ushahidi.

Hata hivyo, kiondo si ungamo. Uzi uliosokotwa pajani unathibitisha mkono tu, hauthibitishi moyo. Aidha, tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kubatilisha kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono "kinyume cha maumbile" (kana kwamba maumbile yana wakili). Kwa maoni yangu, mhakiki na auache wazi uwezekano wa mapenzi hayo, ila jina la msusi aliye hai asiliandike.