Mzigo Ulikuwa Sheria

Kwenye daraja la Mto Katuma, hapa Sitalike, kuna kijiwe cha bodaboda. Ukisimama pale wakati wa kiangazi unawaona viboko wamelaliana kwenye tope kama magunia yaliyoshushwa kutoka kwenye lori, na wageni wakiwapiga picha. Ni pale kijiweni ambapo siku moja jamaa mmoja alituonyesha katika simu yake kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kwa macho: pikipiki ya theluji. Haina magurudumu. Mbele ina vyuma viwili bapa vya kutelezea, nyuma ina mkanda mpana unaojizungusha kama wa katapila. Kijana wa Kizungu ameipanda, nyuma yake kafunga begi, koleo na zile mbao mbili nyembamba ndefu wanazoziita skii. Mashine inapanda mlima usio na barabara, inatoa moshi, inapiga kelele. Huko juu kijana anashuka, anazifunga mbao miguuni, anateleza mpaka bondeni. Basi, kwisha.

"Huyu kadanganya," mmoja wetu akasema. "Mlima haukupandwa na yeye, umepandwa na injini. Sasa sifa yake ipi?"

"Acha wivu wewe," mwingine akamjibu. "Raha yake ni kuteremka. Kupanda kwa miguu ni adhabu ya kosa gani? Mbona huyu hapa," akaninyooshea kidole, "asali ya mjomba wake siku hizi haifuati kwa miguu?"

Wakacheka wote. Mimi nilicheka kidogo tu, maana nilijua habari ambayo wao hawakuijua.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na Wazungu na theluji yao. Theluji iliyo karibu na sisi iko kileleni Kilimanjaro, na huko sijafika. Lakini maneno ya kijiweni yalinifuata mpaka nyumbani, yakalala na mimi kitandani. Chombo kinachokufikisha mbali na kukubebea mzigo, je, kinakuondolea tabu peke yake? Au pamoja na tabu kinaondoka na kitu kingine, ambacho hukukihesabu kwa sababu hukujua kama unacho?

Nianze na mjomba wangu. Yeye ni mtu wa asali. Mizinga yake ni ya magome, iko misituni upande wa Mlele, nje ya mipaka ya Hifadhi ya Katavi, na huko huenda kwa kibali. Zamani alikuwa akienda kwa miguu na wenzake wawili watatu. Wanabeba unga, chumvi, panga, kamba, mienge na ndoo. Siku mbili kwenda, siku kadhaa za kurina usiku, siku mbili kurudi. Mimi nilianza kufuatana naye nikiwa bado shule ya msingi, wakati wa likizo, na kazi yangu ilikuwa kubeba sufuria na kuogopa simba.

Sasa sikiliza hesabu yake. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa karibu kilo 28, maana asali si maji. Kwa mwendo wa siku mbili porini, mwanamume mwenye nguvu hachukui zaidi ya ndoo moja na chakula chake. Ndivyo mjomba alivyokuwa akirudi, ndoo moja, na mara chache sana moja na nusu, akiitundika kwenye mzega na kuzibadili bega kila baada ya kitambo. Kwa hiyo akifika kwenye mzinga alikuwa anachagua. Anapuliza moshi, anaingiza mkono, anatoa masega yaliyozibwa, yaliyoiva. Mengine anayaacha. Mzinga mwingine haugusi kabisa, anaupita tu na kuusalimia kwa macho.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ile ni hekima ya wazee. Nikaja kuandika kidato cha tatu insha nzima ya kuisifu, nikasema wahenga waliishi kwa amani na msitu, na mwalimu akanipa alama nzuri. Kumbe nilikuwa natunga. Siku nilipomwuliza mjomba mwenyewe kwa nini alikuwa anaacha asali nyingi vile, alinitazama kama mtu anayetazama mpumbavu.

"Mjomba," akasema, "ningeibeba yote kama ningekuwa na mgongo mwingine."

Hilo ndilo neno lililonifanya nichukue kalamu. Wengi wetu tukiandika juu ya wazee tunawavika joho la utakatifu ambalo wao hawakuliomba. Mjomba hakuwa mtakatifu. Tamaa alikuwa nayo kama yangu na yako. Ila mgongo wake ulikuwa unamwambia basi, naye hana la kuujibu. Nyuki walibaki na chakula chao kwa sababu bega la binadamu linauma. Na si nyuki tu. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kuuvua mti nguo yake yote, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mtu anayetembea siku mbili hana haja ya mizinga mia moja, kwa hiyo hata miti aliyoiua ilihesabika.

Halafu ikaja pikipiki. Kwanza ilikuja baiskeli, lakini baiskeli bado ni miguu, ukiijaza sana wewe ndiye unayeisukuma mchangani. Pikipiki ni kitu kingine. Unatoka Sitalike alfajiri, saa nne uko msituni, kesho yake umerudi. Keria moja inabeba ndoo nne, na ukiwa na roho ngumu, sita, zimekazwa kwa mipira ya tairi. Mjomba goti lake lilipoanza kumsumbua tulichanga ndugu tukanunua moja iliyokwisha kutumika, na mwaka huo mimi nilitumwa peke yangu na rafiki yangu mmoja.

Nilifungua mizinga ya mjomba kama alivyonifundisha. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu. Masega yaliyoiva yakaisha. Keria ilikuwa bado ina nafasi. Naomba uniamini, sikukaa chini nikapanga kuwa mwizi wa nyuki. Niliitazama tu ile nafasi. Nafasi tupu ina ulimi, bwana. Nikarudi kwenye mizinga niliyokwisha kuiacha, nikachukua masega mabichi yenye asali nyepesi kama uji wa mgonjwa, nikachukua na yenye watoto wa nyuki ndani. Nikajaza ndoo sita.

Nilipofika nyumbani mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akazihesabu. Akachovya kidole kwenye ya tano, akaonja. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Mbona sita?" Nikasema keria ilikuwa na nafasi. Akanyamaza, na mpaka leo hajasema lolote. Mwaka uliofuata mizinga saba kati ya ile niliyoikomba tuliikuta mitupu, buibui wamejenga.

Hapa mtu atasema: basi, jibu limepatikana, tuitupe pikipiki. Asilani. Miaka miwili iliyopita mtoto wa dada yangu alishikwa na degedege usiku wa manane, wakati wa masika. Gari halipatikani. Yule yule rafiki niliyekwenda naye msituni aliamka akiwa na kaptura, akawasha pikipiki ile ile iliyobeba dhambi yangu, dada akakaa katikati na mtoto, mimi nyuma nikiwakumbatia wote. Tukazikata kilomita kama 35 hadi Mpanda mvua ikitupiga usoni. Mtoto yupo, anakwenda shule. Sasa mtu mstaarabu aje aniambie kwamba injini inaharibu roho ya mwanadamu. Nitamsikiliza, lakini nitakuwa namtazama yule mtoto.

Tena, tukiwa hapo hapo, ile pikipiki ya theluji nayo ina hadithi ambayo wale vijana wanaoteleza pengine hawaijui. Huko Kanada, katika jimbo la Quebec, alikuwapo fundi aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier. Tangu ana miaka 15 alikuwa akihangaika kutengeneza chombo cha kupita juu ya theluji, kwa sababu kijijini kwao, Valcourt, majira ya baridi barabara zilizibwa kabisa. Mwaka 1934 mtoto wake wa miaka miwili aliugua, barabara zote theluji tupu, na hospitali haikufikika. Mtoto akafa. Miaka mitatu baadaye, 1937, baba yake alipata hataza ya gari la theluji lenye kuchukua watu saba, na magari ya aina hiyo yakawa yanapeleka madaktari, barua na wanafunzi. Ile ndogo ya mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, ilikuja mwaka 1959, na ndiyo iliyogeuka kuwa chombo cha michezo. Kwa hiyo mashine iliyozaliwa katika uchungu wa mzazi leo inampeleka kijana kilimani akacheze. Simlaumu. Ila nimeona kwamba injini haijui tofauti ya mtoto mwenye degedege na ndoo ya sita. Inabeba tu.

Na suala la kubebewa si la injini peke yake, wala halikuanza jana. Mwaka 1879 tembo wanne wa India walishushwa Msasani, kwa gharama za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, waje wabebe mizigo ya msafara hadi Karema, huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika. Nchi imejaa tembo, inaletewa tembo! Wazo lilikuwa kuachana na wapagazi, ambao walidai posho, waliugua, na wakichoka waliutua mzigo na kutoroka. Wengi wa wale tembo walikufa njiani, na kiongozi wao, Kapteni Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Nikipita barabara ya kwenda huko humfikiria yule bwana. Alitaka mbebaji asiyesema hapana.

Maana mpagazi anaweza kusema hapana, lakini si kila siku. Mjomba alipobeba asali yake, bega lililouma na mdomo ulioonja vilikuwa vya mtu mmoja. Ukimpa mwingine abebe, sheria ya bega inavunjika, kwa sababu anayeumia siye anayeamua. Ndiyo sababu kule Kilimanjaro imebidi kuwe na mizani langoni na kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Mgongo wa maskini haukutosha kuwa sheria. Njaa iliuziba mdomo.

Hapa Katavi wageni wengine huja kutembea. Wanatua na ndege ndogo kiwanja cha Ikuu, wanafuata askari mwenye bunduki kwa miguu, na jioni wanakuta mahema yamekwisha simamishwa, maana gari liliyatanguliza. Zamani nilikuwa nawacheka. Mtu ameruka maelfu ya kilomita kwa injini ili atembee kilomita kumi bila injini! Sasa sicheki sana. Nadhani wanatafuta kitu cha kweli: ile hali ya kusimama na kusikia nyasi, na kujua kwamba kurudi kwako kunategemea miguu yako. Ila wamekinunua bila uzito wake, na sijui kama kinauzwa hivyo.

Kelele nazo zina mwenyewe. Aliye juu ya pikipiki haisikii kama anavyoisikia aliyeko bondeni. Kwenye hiyo milima ya theluji wapo wanaopanda kwa miguu, wamefunga chini ya mbao zao kitambaa chenye manyoya yanayong'ang'ania theluji, saa tatu, saa nne za jasho. Halafu anapita mwenye injini na kuwaachia moshi. Katika hifadhi ya Yellowstone, kule Marekani, mashine hizi zilizidi hata walinzi wa lango wakafikia kuvaa barakoa za kuzuia moshi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwishowe serikali ikaweka kikomo cha mashine kwa siku na kulazimisha ziongozwe. Nikisoma habari hiyo namwona mjomba na mzega wake. Mwili ulipoacha kusema basi, ikabidi karatasi iseme. Na karatasi, kama tunavyojua sote tuliokulia pembeni ya hifadhi, husikilizwa pale tu mwenye bunduki anapokuwa karibu.

Mshikaji mmoja ambaye naye anaandika aliniuliza haya yote yanahusu nini na fasihi. Nikamwambia mimi riwaya yangu naiandika kwenye madaftari, kwa kalamu, na vidole vikiuma nafuta sura nzima kuliko kuiandika tena. Nikiandika kwenye simu siachi kitu. Najaza. Akasema hiyo ni sababu ya uvivu. Huenda.

Msimu umeingia tena. Mjomba goti limekataa kabisa, hivyo kesho alfajiri naondoka mimi. Jioni hii nimeisafisha pikipiki, nimekaza mipira, nimefunga ndoo tatu kwenye keria. Ya nne nimeiosha, iko mlangoni. Mjomba yuko kwenye kigoda chake, anajifanya anasikiliza redio.